Kisima cha Mama na Dizeli ya Kaka

Watu wa mpakani tuna tabia moja ambayo sijawahi kuipenda: mtu akifukia kitu kwenye shamba lake, hatuulizi. Tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, za mvua, za ng'ombe aliyezaa, na macho tunayaelekeza kwingine kabisa. Nimelelewa katika tabia hiyo na najua adabu zake zote. Lakini yaliyofukiwa kwetu nitayasema, maana nimechoka kuyanusa.

Boma letu liko kwenye mteremko kati ya Amagoro na Malaba. Ukisimama nyuma ya jiko unaona malori yamepangana barabarani yakisubiri kuvuka kwenda Uganda. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi, tukabaki watatu: mama, mimi, na kaka yangu mdogo. Mimi niliolewa Busibwabo na siku hizi nashona nguo mjini Busia, kwa hiyo kwetu naenda kama mtu wa kutembelea tu. Kaka hakuondoka. Mwanamume haondoki kwao, ndivyo tulivyoambiwa, na neno hilo limemgharimu mama kuliko kifo cha baba.

Mama alikuwa mpishi wa ajono, pombe yetu ya wimbi. Asiyejua kazi hiyo hudhani ni kuchanganya unga na maji basi. Kumbe unga ukishakandwa unafukiwa ardhini, kwenye shimo lililotandikwa majani ya ndizi, ukae humo siku kadhaa uchachuke, ndipo utolewe, ukaangwe, uanikwe, kisha uingie mtungini na kimea. Kwa hiyo mama alijua mashimo. Alijua udongo gani unapumua na upi umeziba. Alikuwa akichimba anachukua donge, analibana kwa vidole, analilamba kidogo, halafu anasogea hatua mbili pembeni na kuanza upya. Tulimcheka sana kwa kule kulamba udongo.

Ni ajono hiyo iliyochimba kisima. Baada ya baba kufa, mama aliwaita wachimbaji kutoka Moding, akawalisha na kuwanywesha mpaka walipoyafikia maji chini kabisa, chini ya murram, ule udongo wa kokoto. Kilikuwa kisima kirefu, kimejengewa mawe mdomoni, na maji yake yalikuwa baridi hata Januari. Mteremko mzima ulikunywa pale. Mama hakutaka kusikia habari ya kuuza maji. Aliyemtajia bei alitukanwa mbele ya watu. Na mwanamke yeyote wa jirani akijifungua, mtungi wa kwanza wa maji ya kumwogesha mtoto ulibebwa na mama mwenyewe kichwani hadi mlangoni. Hakuna aliyemtuma. Alijipa kazi hiyo na akaishikilia, nayo ikampa jina. Mjane mwingine angeitwa maskini. Mama aliitwa mwenye kisima, na akitokea sokoni Amagoro watu walimwachia nafasi kwenye benchi.

Nayaeleza haya ili ijulikane kilichopotea. Siyo shimo lenye maji tu.

Kaka alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwa miaka mingi. Alizunguka na malori, Mombasa, Kampala, Juba, akarudi nyumbani akiwa na ndevu na mdomo mwingi. Akasema amechoka kulala chini ya trela. Akaanza kazi ambayo pale kwetu haihitaji kutangazwa: kununua mafuta kutoka kwa madereva. Dereva amekaa kwenye foleni, hana hela ya chakula, ana tanki limejaa dizeli ya tajiri. Unakuja na mpira na mtungi wa plastiki, unanyonya kidogo, unamlipa, unatoweka. Halafu unawauzia wenye matrekta na wenye mashine za kusaga, kwa bei ambayo kituo cha mafuta hakiwezi kuifikia. Nusu ya vijana wa Malaba wamekula kwa mpira huo. Sikumlaumu kwa hilo, na leo bado simlaumu. Kila mtu pale anakula kwa kilichosimama barabarani.

Shida ilikuwa mahali pa kuweka. Mwanzoni mitungi ilijaa chini ya kitanda chake hadi watoto wake wakaanza kuumwa vichwa. Kisha akanunua mapipa ya chuma akayafukia nyuma ya jiko. Alijiona mjanja. Lakini maofisa wa polisi nao siyo wajinga. Walikuja na vyuma virefu vyenye ncha, wakawa wanatembea shambani wakivichoma ardhini, wakisikiliza. Chuma kikigonga udongo hakisemi kitu. Kikigonga pipa, hata kiziwi atageuka. Walimchukua kaka na mapipa yake, na ng'ombe wetu mmoja akaenda sokoni ili kaka arudi.

Aliporudi alizunguka shamba siku kadhaa akipima kwa hatua. Halafu nikaitwa nyumbani. Nilidhani ni shauri la kumwachisha biashara ile. Nilifika na maneno yangu tayari, nimeyapanga njiani kote. Nikamkuta mama ameinama nyuma ya jiko, amejipaka udongo hadi mabegani, anakandika shimo.

Lilikuwa shimo kubwa, la kuingia mtu mzima na kusimama. Kaka alikuwa amelichimba pale pale palipokuwa na mashimo ya mama ya unga, upande wa juu wa boma. Mama alikuwa ameleta udongo wa kichuguu, ameuponda, ameukanda na kinyesi cha ng'ombe na utelezi wa majani ya mrenda, na sasa alikuwa anausiriba ukutani kwa jiwe laini, tabaka juu ya tabaka. Kusema kweli ilikuwa kazi nzuri. Ukuta uling'aa. Roho yangu ilichemka, na bado nilisimama nikauangalia ule ukuta kwa kuvutiwa.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Si ni ya kaka yako."

"Ya kuweka mafuta? Kwa udongo?"

Kaka alijibu yeye, amekaa juu ya ndoo anakula muwa. "Dada, chuma iko na sauti. Plastiki pia iko na sauti, inasikika kama ngoma. Lakini udongo ndani ya udongo? Hiyo afande atadunga mpaka achoke."

"Na ikivuja?"

Mama aliinuka, akajifuta jasho kwa kiwiko, akanitazama kama nimetukana kazi yake. "Mimi nimechimba mashimo tangu sijaolewa," akasema. "Hii tutapima."

Wakalipima kwa namna ambayo kwetu kila kitu cha udongo hupimwa. Mtungi mpya, birika la kunyweshea mbuzi, shimo la kuhifadhia maji ya mvua, vyote vinajazwa maji, kunachomekwa bua la wimbi pembeni kuonyesha maji yamefika wapi, kisha vinaachwa. Asubuhi ukikuta maji yako pale pale kwenye bua, chombo kimepita. Ilikuwa msimu wa mvua za masika. Ardhi yote imelowa, migomba inadondosha maji, hata kuta za nyumba zilikuwa na unyevu. Walijaza shimo, wakachomeka bua. Asubuhi maji hayakuwa yameshuka hata kidogo. Mama alinionyesha bua kwa kidole, na kaka akacheka hadi akakohoa muwa.

Wangepima na dizeli kidogo kwanza. Wangepima wakati wa kiangazi. Lakini nani angewafundisha? Katika maisha yake yote mama hakuwa ametia kitu ardhini ambacho si unga au maji, na katika mvua kila shimo ni zima. Udongo ulioshiba maji hauna nafasi ya kunywa kitu kingine. Hilo nimelielewa baadaye, kwa kuliwazia wakati wa kushona, maana nalo halinitoki kichwani.

Basi shimo likajazwa dizeli. Juu wakaweka mbao, juu ya mbao mikeka, juu ya mikeka makapi ya wimbi, na pembeni mama akawa anakaanga unga wake wa ajono kama kawaida. Harufu ya unga ulioungua na kuchacha ilifunika ile nyingine. Maofisa walikuja na vyuma vyao, wakachoma hapa na pale, wakanunua ajono, wakaketi kuzunguka mtungi wakiinyonya kwa mirija mirefu pamoja na wanywaji wengine, wakaenda zao. Kaka aliezeka nyumba yake upya. Alimnunulia mama televisheni ambayo mama hakuiwasha. Nilipokwenda Krismasi nilipewa kuku mzima nirudi naye Busibwabo, na mume wangu akasema kaka yako kweli ameamka.

Kisha jua likawaka. Januari na Februari kwetu ardhi inapasuka, unaweza kutumbukiza mkono kwenye nyufa za shamba. Kaka akafunua shimo akakuta dizeli imeshuka. Hakuwazia ardhi. Aliwazia watu. Alimtuhumu mwenzake wa kazi, wakapigana pale stendi ya Malaba. Aliwatuhumu wanywaji wa ajono. Alinipigia simu mimi, niliyeko Busibwabo, akaniuliza kama mume wangu amepita nyumbani siku za karibuni. Nilimkatia simu. Sikumsamehe swali lile kwa muda mrefu, na nikimsikia leo akijiita mtu wa familia nalikumbuka.

Aliyegundua ni mama, na aligundua kupitia chai.

Aliniambia mwenyewe baadaye. Alichemsha chai asubuhi, akaonja, akamwaga. Akachemsha nyingine. Akaenda kisimani, akateka, akamimina kwenye sufuria nyeupe na kuitoa juani. Juu ya maji palikuwa na rangi zinazotembea, buluu na zambarau, zile zinazoonekana kwenye madimbwi pale malori yanapoegeshwa. Kisima kilikuwa upande wa chini wa mteremko kutoka kwenye shimo. Alijua palepale. Alisema alikaa chini kando ya mdomo wa kisima, na wanawake waliokuja na mitungi yao wakamkuta pale wakadhani ni presha.

Hakuwaambia. Hapo ndipo mimi na mama tulipoanza kuachana, ingawa wakati ule sikulijua hilo. Waliteka, wakaenda, wakapikia watoto. Siku zilizofuata maneno yakaanza: uji una ladha ya lori, nguo zikifuliwa zinabaki na harufu, mtoto wa fulani anaharisha. Kaka aliambiwa na mama amwage dizeli yote, akaiuza haraka na kulifukia shimo kwa mawe na makapi. Wakapatana kwamba hakukuwa na shimo. Lakini iliyokwisha kuingia ardhini nani angeiita irudi?

Mzee wa mtaa aliitisha kikao, na kilifanyika bomani kwetu, kwa kuwa kisima ni chetu. Mimi nilikuja kutoka Busia kwa sababu mama alinipigia simu akalia na kunieleza yote. Nilikuja nikijua kila kitu na nikitarajia kaka atasema. Nilimvuta kando kabla watu hawajaketi.

"Sema wewe," nikamwambia. "Sema ulifukia mafuta, yakavuja, unaomba msamaha, utachimba kisima kingine. Watu hawa wanatujua. Watakutukana leo, kesho watakusaidia kuchimba."

"Dada, nikisema hapa, saa nane afande wako hapa."

"Na mama?"

"Mama ako sawa. Mama mwenyewe amesema ataongea."

Watu waliketi. Mwanamke mmoja jirani yetu wa upande wa chini, rafiki ya mama tangu wote wawili waletwe pale wakiwa maharusi, ndiye aliyesimama kwanza. Alizungumza kwa heshima. Alisema hawamshtaki mtu, hawajui ni nini, pengine ni malori, pengine ni Mungu, lakini maji yanawashinda na wanaomba mwenye kisima awaambie wafanye nini. Alimaliza akaketi, akavuta leso yake magotini.

Mama akaingia jikoni akatoka na kikombe. Akaenda kisimani mbele ya watu wote, akashusha ndoo, akaivuta, akachota. Akarudi katikati ya uwanja. Nilikuwa nimesimama karibu, niliinusa dizeli. Akanywa. Hakunywa kidogo ya kuonyesha. Alikimaliza kikombe, akakipindua kuwaonyesha kitako.

"Hii maji nimekunywa tangu mume wangu afe," akasema. "Kama imeharibika, ingeanza na mimi."

Utamjibu nini mwanamke mzee aliyefanya hivyo mbele yako? Watu waliona aibu. Yule rafiki yake alikuja akamshika mkono, akamwambia samahani mama, tumekukosea. Mzee wa mtaa akaomba dua. Na kaka yangu, jitu zima lenye ndevu, alikuwa ameegemea mlango wa nyumba yake yenye mabati mapya, mikono mfukoni, akimwangalia mama akimeza dizeli yake. Hakusogea. Nimejaribu mara nyingi kumtafutia udhuru kwa ajili ya ile dakika na sijaupata.

Mama alitapika siku nzima iliyofuata. Nilibaki kumwuguza. Nilimwambia akijisikia nafuu tutaenda pamoja kwa mzee wa mtaa. Aligeukia ukutani.

"Wewe utarudi kwa mume wako," akasema. "Mimi nitabaki na nani?"

Ni kweli mtoto wa kike hazikwi pale, hajengi pale, hafungi ng'ombe pale. Mama alipiga hesabu ya uzee wake na jibu lilikuwa kaka. Nilielewa. Kuelewa hakukupunguza uchungu, kuliuongeza.

Watu waliomba samahani, lakini pua haziombi samahani. Mmoja baada ya mwingine waliacha kuja. Walipita njia ya nyuma wakielekea kwenye chemchemi ya yule rafiki ya mama, kule chini, na wakikutana na mama walijifanya wanatoka kanisani. Ajono nayo ilikufa, maana nani atakunywa pombe ya maji yale. Mama akawa ananunua maji ya mkokoteni kama watu wote, ananunua maji akiwa amekaa kando ya kisima chake. Alianza kutembea ameinama. Sokoni Amagoro hakwenda tena.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine nisingeandika. Ningesema ni bahati mbaya, ni ujinga wa udongo, tumeshaadhibiwa.

Nilipokwenda tena nilikuta kisima kimefunikwa kwa bati nene, na kwenye bati kuna kufuli. Nilidhani kaka hatimaye amepata akili, amekifunga ili watoto wasiteke. Nikamsifu! Nilisimama pale nikamwambia umefanya vizuri. Yeye na mke wake wakatazamana, wakacheka.

"Dada, kuja uone."

Akafungua. Harufu ilinirudisha nyuma. Chini mle, badala ya duara la mbingu ambalo nilizoea kuliona tangu utoto, palikuwa na weusi mzito usioonyesha kitu. Kulikuwa na mpira umeteremshwa na pampu ndogo ya mkono imefungwa kwenye mawe ya mama.

"Mafuta inakaa juu ya maji," akanieleza kwa furaha, kama mwalimu. "Haizami. Unamwaga tu, unatoa tu. Na afande akikuja, akinusa, anasema, aa, hii si ni ile kisima iliharibika? Hata hawaulizi. Wanapita."

Nilimwuliza kama ana wazimu. Nilimwambia maneno mengine ambayo siyaandiki. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Kisima ilishaharibika," akasema. "Sasa ikae tu bure?"

Nikaenda kwa mama. Alikuwa kibarazani anachambua mboga. Nilimwuliza kama anajua. Hakuinua uso.

"Alinionyesha," akasema. "Nikamwambia azibe yale mawe ya juu vizuri."

"Ukamwambia?"

"Nikaziba mimi. Yeye hajui kusiriba."

Nilikaa kando yake. Nilikuwa nimejipa hadithi moja, kwamba mama ni mateka wa kaka, kwamba alikunywa kile kikombe kwa woga. Lakini alikuwa ameshuka ngazi mwenyewe, katika umri ule, na kuukandika mdomo wa kisima chake kwa udongo wa kichuguu, kwa mkono wake na jiwe lake, ili kiwe tanki. Nilitazama vidole vyake vikichambua majani. Vilikuwa vimetulia kabisa. Nilimpenda na nilimchukia katika pumzi moja, na sitaki mtu aniambie hayo mawili hayakai pamoja.

Tangu siku hiyo nilikwenda kwetu mara chache. Nilituma vitu. Mume wangu aliniuliza mara moja kuna nini, nikamwambia ni mambo ya shamba, naye kwa adabu za mpakani hakuuliza tena.

Mvua za masika zilizofuata zilikuwa kubwa. Maji ya kisima yalipanda, na yakapanda na kilichokuwa juu yake, yakapita pale mama alipoishia kusiriba udongo wake, yakafika kwenye murram ambayo inapitisha kitu chochote. Haya sikuyaona. Nilikuja kuyakusanya Jumamosi moja nilipompelekea mama gauni la Pasaka nililomshonea. Alikuwa amelivaa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani, namwambia ageuke nione mgongo umekaaje, tukawa karibu kucheka kama zamani. Ndipo yule rafiki yake wa upande wa chini akaingia uwanjani na mtungi wa maji na kikombe.

Hakuketi. Alimimina maji kikombeni, akamwinulia mama.

"Mwenzangu, nusa hii. Ni ya chemchemi yangu. Watoto wa huku chini wote wanakunywa kwangu sasa. Nusa uniambie."

Mama alikichukua kikombe. Nilimwona akinusa, na nilimwona akijua. Ni muda mfupi tu, kope zake zilishuka zikakaa chini, na mimi nikasema moyoni, sasa atasema. Amechoka. Mbele ya huyu atasema.

"Mimi sinusi kitu," mama akasema. "Pua yangu imezeeka."

Yule mama akanigeukia. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala. "Wewe basi. Wewe pua yako ni ya mjini. Nusa."

Sikuhitaji kukileta karibu. "Ni dizeli," nikasema. "Inatoka kwa kisima chetu. Kaka anaiweka humo. Msinywe tena, mama, na msiwape watoto."

Sote watatu tuliisikia pampu ya mkono ikilia nyuma ya nyumba. Yule mama hakupiga kelele. Alimtazama rafiki yake, akimngojea. Nadhani hata wakati ule angekubali neno lolote, hata uongo mwingine, ilimradi liambatane na machozi kidogo.

Mama alirudisha kikombe. Akainyoosha sketi ya gauni lake jipya.

"Usimsikize huyu, mwenzangu," akasema. "Huyu alishaolewa. Mambo ya boma hii hayajui."

Rafiki yake alimwaga maji pale pale uwanjani, akabeba mtungi wake, akaondoka bila kuaga. Nilimwita mama. Nilimwita tena. Aliingia ndani, akatoka na ufagio, akaanza kufagia kibaraza. Kwetu mtu hafagii mgeni akiwa bado amekaa; ukifanya hivyo umemwambia aende. Alifagia taratibu, kutoka ukutani kuja nje, hadi akafika kwenye kiti changu. Hakusema niinuke. Alisimama na ufagio wake akingoja, nami nikainua miguu ili apite.